Karatasi Zinazosimamisha Wapita Njia: Habari za Mabango ya Sinema

Tunataka kuwasimulieni habari za kitu kilichotengenezwa ili kidumu juma moja tu, kisha kifunikwe na kingine cha namna ile ile. Kitu hicho ni bango la sinema, yaani lile tangazo kubwa la karatasi, lenye picha na maandishi, lililobandikwa ukutani kuwajulisha watu ya kuwa mahali fulani, siku fulani, itaonyeshwa filamu fulani. Mtu mwenye ndoo ya gundi na brashi ndefu alikuja asubuhi, akaupaka ukuta, akailaza karatasi yake, akainyosha kwa brashi, akaenda zake. Juma la pili alirudi na karatasi nyingine, akaibandika juu ya ile ya kwanza. Kazi iliyosalia ilimalizwa na jua na mvua.

Walakini baadhi ya karatasi hizo zimehifadhiwa leo katika makumbusho na maktaba za miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, chini ya vioo, kama vito vya wafalme. Filamu nyingi zilizotangazwa nazo zimesahauliwa, na nyingine zimepotea kabisa, lakini bango limebaki na watu husimama mbele yake. Basi hapana budi tuulize: ni kitu gani kilichomo katika karatasi hiyo kinachovuta jicho hata baada ya miaka mia?

Sisi tunadhani ya kuwa mabango yaliyovuta macho kupita yote ni yale yaliyoacha jambo moja bila kulionyesha, akili ya mtazamaji ikabaki inalitafuta. Tena wachoraji waliojua siri hiyo, wengi wao walifundishwa na shida: upungufu wa rangi, mashine mbovu, karatasi hafifu, na haraka ya kazi. Haya ndiyo tutakayojaribu kuyaonyesha.

Lakini yafaa tueleze kwanza kazi ya chapa, maana pasipo hiyo lisingalikuwako bango. Kadiri ya mwaka 1796, katika mji wa Munich, alikuwako mtu aitwaye Alois Senefelder, mtungaji wa michezo ya kuigiza, ambaye hakuwa na fedha za kutosha kuchapisha michezo yake. Akawa anajaribu njia mbalimbali za kupiga chapa kwa gharama ndogo, na mwisho akagundua kazi ya chapa ya mawe. Kila mpishi anajua ya kuwa mafuta na maji hayachanganyiki, na kazi yote imesimama juu ya jambo hilo dogo. Mchoraji huchukua jiwe la chokaa lililosuguliwa hata likawa laini, akachora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Kisha jiwe hupakwa dawa na kuloweshwa maji. Maji hushika mahali pasipochorwa, na mafuta huyakataa. Baadaye wino wenye mafuta hupitishwa juu ya jiwe lote, nao hushika pale palipochorwa tu. Karatasi ikilazwa na kukandamizwa, picha huhamia juu yake kama ilivyochorwa, ila imegeuka upande, kulia kukawa kushoto. Kwa hiyo fundi alilazimika kuandika herufi zote kinyume, kama zionekanavyo katika kioo.

Kila rangi ilitaka jiwe lake. Bango la rangi tatu lilitaka mawe matatu, na karatasi ile ile ilipita juu ya kila jiwe kwa zamu, mahali pale pale bila kusogea hata upana wa uzi. Ikisogea, midomo ya mtu aliyechorwa huonekana imetoka nje ya uso wake. Mwaweza kuona basi kwa nini mchoraji hakupenda rangi nyingi. Kila rangi ilikuwa jiwe jingine, siku nyingine, na mshahara wa mtu mwingine.

Aliyefanya kazi hii kuwa ya barabarani ni Mfaransa Jules Chéret, aliyezaliwa mwaka 1836, mtoto wa mpanga herufi maskini. Alianza kujifunza kazi ya chapa akiwa na umri wa miaka 13, akaishi London miaka kadha wa kadha, akarudi Paris mwaka 1866 na kufungua kiwanda chake mwenyewe. Chéret alichora moja kwa moja juu ya mawe, akatumia rangi chache zenye nguvu, na picha zake zilikuwa kubwa: msichana anayecheza, anayecheka, kama kwamba ameruka kutoka ukutani. Mwaka 1881 Serikali ya Ufaransa ilitoa sheria ya uhuru wa magazeti, ambayo ndani yake iliwapa watu ruhusa ya kubandika matangazo, isipokuwa mahali palipokatazwa, na kuta za Paris zikajaa rangi. Katika maisha yake Chéret alifanya mabango zaidi ya 1,000. Mojawapo, la mwaka 1892, lilitangaza picha zenye kwenda za Emile Reynaud, zilizochorwa kwa mkono na kuonyeshwa katika makumbusho ya Grévin. Bango la picha zenye kwenda lilikuwako, basi, miaka mitatu kabla ya sinema yenyewe.

Sinema ilikuja tarehe 28 Desemba 1895. Siku hiyo picha za ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, zilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwa watu waliolipa, katika chumba cha chini cha mkahawa ulioitwa Grand Café, huko Paris. Kiingilio kilikuwa faranga 1, na waliolipa walikuwa watu 33. Mwaka uliofuata mchoraji aitwaye Marcellin Auzolle aliwachorea ndugu hao bango ambalo linahesabiwa kuwa la kwanza kuonyesha filamu iliyotajwa, si sinema kwa jumla. Filamu yenyewe ni ya mzaha: mtunza bustani anamwagilia maji kwa mpira, mtoto mtundu anaukanyaga mpira, maji yanakatika, mzee anachungulia tundu la mpira kuona kuna nini, mtoto anaondoa mguu, na maji yanampiga mzee usoni.

Sasa angalieni jinsi Auzolle alivyochora. Mbali, juu ya kitambaa cheupe, tunamwona mtunza bustani akirushiwa maji. Karibu nasi wamekaa watazamaji, nao wanacheka mno. Kwa nini aliwachora watazamaji? Kwa sababu mpita njia wa mwaka 1896 hakujua sinema ni nini. Mtu ambaye hajaona meli huelezwa kwanza bahari. Auzolle alikuwa na haki kuonyesha kila kitu: kitambaa, chumba, watu, mzaha, na kicheko. Lakini mtu akishatazama bango lake, mzaha umekwisha kuonekana, na halikubaki jambo la kutafutwa.

Habari za miaka iliyofuata tutazipitia kwa haraka. Huko Marekani kazi ya mabango ikawa biashara kubwa, na ukubwa wa karatasi ukapata kipimo cha desturi, inchi 27 kwa 41. Makampuni yaligundua ya kuwa watu hufuata nyuso za wachezaji wanaowapenda, kwa hiyo nyuso zikakua na majina yakakua pamoja nazo. Mwisho wachezaji wakubwa walidai katika mikataba yao ukubwa wa herufi za majina yao, hata mchoraji akapimiwa ukuta wake na wanasheria. Kazi nzuri zilikuwako, lakini nyingi zilifanana kama ndugu wa tumbo moja: mwanamume, mwanamke, na nyuma yao moto au farasi.

Njia nyingine ilifunguka Ujerumani. Mwanzo wa mwaka 1920 watu wa Berlin waliona kutani mwao mabango yenye amri ya ajabu: lazima uwe Caligari. Caligari ni nani? Ni dawa? Ni ugonjwa? Halikusema. Filamu ya Daktari Caligari ilipoanza kuonyeshwa tarehe 26 Februari, mji mzima ulikuwa umekwisha kuuliza swali hilo.

Lakini mahali tunapopenda kukaa ni Moscow, kwa ndugu wawili wengine, Vladimir na Georgii Stenberg. Vladimir alizaliwa mwaka 1899, na Georgii mwaka 1900. Baba yao alikuwa Mswidi, naye mwenyewe mchoraji. Wote wawili walisoma katika shule ya Stroganov, ambayo ilifundisha sanaa pamoja na kazi za viwandani, na vita na mapinduzi ya mwaka 1917 viliwakuta wakiwa vijana. Waliipenda mitambo, madaraja, na vyuma. Walijiona mafundi kuliko wachoraji wa picha za kutundikwa sebuleni. Bango lao la kwanza la sinema walilifanya mwaka 1923, na katika miaka kumi iliyofuata walifanya kadiri ya 300.

Tufikiri kwanza hali ya nchi. Hesabu ya watu ya mwaka 1897 ilionyesha ya kuwa katika Urusi nzima hawakufika watu 3 katika kila 10 waliojua kusoma, na ijapokuwa Serikali mpya ilitoa amri mwezi wa Desemba 1919 ya kufuta ujinga wa kusoma, kazi hiyo haikumalizika kwa mwaka mmoja wala mitano. Bango la maneno matupu lingalipita mbele ya watu wengi kama upepo. Picha ilikuwa sharti iseme peke yake. Nayo mashine za chapa zilikuwa kuukuu, zilizosalia tangu kabla ya mapinduzi, na picha za kamera zikikuzwa kufikia ukubwa wa bango zilitoka chafu, kama zimeonekana katika moshi.

Ndugu hao walifanya nini? Walijitengenezea chombo cha kurusha picha za filamu ukutani, ambacho kiliweza kuikuza picha, kuipindua, na kuivuta upande mmoja. Kisha waliifuatisha kwa mkono, kwa kivuli na mwanga, hata mtu akadhani ameona picha ya kamera. Mashine isiyoweza kazi hiyo, mkono wao uliifanya badala yake. Tena kwa kuwa walichora wenyewe, hawakufungwa na kamera: waliweza kuweka uso mkubwa kama nyumba, na chini yake mtu mdogo kama siafu, waliweza kumtazama mtu kutoka chini ya nyayo zake au kutoka juu ya dari. Haraka nayo ilikuwa sehemu ya kazi. Vladimir alisimulia baadaye ya kuwa mara nyingine waliitazama filamu saa tisa mchana, na bango likatakiwa kesho yake saa nne asubuhi. Mwaka 1928 walieleza ya kuwa hawajali vipimo vya kweli vya vitu, na kwamba hutumia lo lote liwezalo kumsimamisha mpita njia mwenye shughuli. Mabango yao waliyatia saini kwa jina lao na tarakimu 2 kila upande, ili ijulikane ya kuwa ni kazi ya watu wawili, wala hatusikii ya kuwa waligombania kujua mstari huu ni wa nani.

Bango lao tunalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1929, la filamu ya Dziga Vertov iitwayo Mtu Mwenye Kamera. Fikirini mmesimama chini kabisa, katikati ya majumba marefu, mnatazama juu. Majumba yanainama kutoka pande zote kuelekea mbinguni. Juu ya vichwa vyenu mwanamke anaanguka kinyumenyume, au labda anacheza ngoma, wala hatuwezi kusema ni lipi. Tena mwili wake hautimii: kichwa kipo, mikono ipo, mguu upo, lakini kati yao hapana kitu, ni hewa tupu. Maandishi hayakukaa katika mistari kama askari, bali yanazunguka kama maji yanayoingia tundu. Jicho haliwezi kutulia. Linazunguka na herufi, linapanda na majumba, linarudi kwa mwanamke, na kila likifika pale pasipo na mwili, akili inaujaza yenyewe. Mtazamaji amefanya kazi nusu pasipo kujua, na mtu hasahau upesi kazi aliyoifanya mwenyewe.

Mambo yaligeuka. Tarehe 23 Aprili 1932 chama kilichotawala kilitoa amri ya kuvunja vyama vyote vya wasanii na waandishi na kuwaweka chini ya mamlaka moja, na tangu hapo ilitakiwa sanaa inayoeleweka bila swali: mfanyakazi mwenye furaha, mkulima mwenye mavuno, jua likichomoza nyuma yao. Mwezi wa Oktoba 1933 Georgii alipanda pikipiki yake mjini Moscow, akagongwa na lori, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 33. Vladimir aliishi hata mwaka 1982, akafanya kazi nyingine za kupamba, lakini mabango ya namna ile hayakurudi. Hatudhani ya kuwa ni kifo peke yake kilichoyamaliza. Bango linalomwachia mtu nafasi ya kujaza kwa akili yake ni kitu cha hatari kidogo machoni pa mwenye kutaka watu wote wafikiri jambo moja.

Na sasa tuvuke mpaka na vita ya pili, twende Poland. Mwaka 1945 mji wa Warsaw ulikuwa karibu wote kifusi. Serikali ilianzisha shirika la sinema, nalo likahitaji mabango. Wachoraji vijana walipoombwa, miongoni mwao Henryk Tomaszewski na Eryk Lipiński, walikubali kwa sharti moja: kwamba wataachwa wachore kwa njia yao wenyewe. Wakati ule kuchora tangazo la sinema kulihesabiwa kazi duni, kwa hiyo shirika likakubali. Karatasi ilikuwa mbaya, rangi zilikuwa chache, na mashine zilikuwa zile zilizookolewa katika moto. Hapakuwa na haja ya kuchora nyuso kubwa za wachezaji wa Marekani, maana katika nchi ambayo Serikali ndiyo mwenye sinema zote, na watu wana njaa ya kuona filamu yo yote, hakuna mwuzaji aliyewasimamia wachoraji akidai nyuso.

Basi mabango yao yalibandikwa juu ya mbao zilizozungushiwa magofu, na kwa watu wengi wa Warsaw hiyo ndiyo rangi iliyokuwako katika mji wa vumbi. Mwaka 1948 katika maonyesho ya mabango huko Vienna, Tomaszewski alipewa zawadi za kwanza tano. Baadaye alifundisha katika chuo cha sanaa cha Warsaw miaka mingi, na mwaka 1968 ilifunguliwa huko Wilanów, kando ya mji huo, makumbusho ya mabango, ya kwanza ya namna yake duniani.

Tutoe mfano mmoja wa kazi ya Wapoland. Filamu ya Marekani iitwayo Cabaret, ya mwaka 1972, inasimulia habari za jumba la nyimbo na ngoma mjini Berlin, wakati chama cha Nazi kinapoanza kupata nguvu. Mchoraji Wiktor Górka alichora bango lake mwaka 1973. Kuna uso wa mwanamke aliyejipamba, na miguu minne iliyovaa soksi nyeusi ndefu, kama ya wacheza ngoma. Hapana askari, hapana bunduki, hapana bendera. Lakini jinsi miguu ile ilivyokunjwa na kupangwa, imefanya ule msalaba uliopindwa ncha, alama ya Nazi. Jicho linaona ngoma kwanza. Baada ya nukta moja linaona alama. Na mwili unasisimka. Watu wa Warsaw hawakuhitaji kuelezwa alama ile ilileta nini.

Si haki kusema ya kuwa jambo hili lilijulikana na wenye shida tu. Huko Marekani alitokea Saul Bass, mzaliwa wa New York mwaka 1920, aliyefanya kazi katikati ya utajiri wa Hollywood. Mwaka 1955 mwongozaji Otto Preminger alimpa kazi ya filamu ya mpiga ngoma aliyetekwa na madawa ya kulevya, naye mchezaji wake mkuu alikuwa Frank Sinatra, ambaye uso wake ulijulikana dunia nzima. Mtu mwingine angaliuchora uso huo mkubwa kuliko mlango. Bass alichora mkono mmoja mweusi, uliovunjikavunjika kama umekatwa kwa makasi butu, vidole vimekakamaa kuelekea chini. Wenye kampuni waliogopa, na tukilitazama bango tunaona picha ndogo za wachezaji zimechomekwa kando ya mkono, kama wageni waliochelewa. Lakini filamu ilipoanza New York, juu ya mlango wa sinema paliwekwa mkono peke yake, bila jina la filamu, na watu walijua.

Mwaka 1958 Bass alichora bango la filamu ya Alfred Hitchcock iitwayo Vertigo, yaani kizunguzungu: rangi ya machungwa tupu, mistari myeupe inayozunguka kama kisulisuli, na ndani yake mtu anayezama. Miaka mitano baadaye filamu hiyo hiyo ilipofika Poland, Roman Cieślewicz alichora fuvu la kichwa, na juu ya paji lake duara ndani ya duara. Tungependa walimu wenye picha hizo wawaonyeshe wanafunzi zote mbili pamoja. Mmoja amechora kuanguka, mwingine amechora kichwa kinachoanguka ndani yake mwenyewe.

Labda mtu atasema: na mabango ya Bara Hindi je, ambayo yamejaa nyuso, machozi, bastola na maua, wala hayakuacha kitu, nayo watu waliyapenda? Swali ni la haki, nasi hatuna budi kukubali ya kuwa kanuni yetu haikufunga kila mlango. Pwani yetu ilizijua vizuri filamu za Kihindi. Katika Zanzibar na Dar es Salaam zilipendwa sana, hasa katika miaka ya 1950, na wimbo wa filamu uliimbwa na watu wasiojua neno moja la lugha yake. Mapambo mengi yana uzuri wake, kama kanga yenye maua pande zote. Lakini hata huko, bango linalokumbukwa kupita mengine ni lile la filamu ya Mother India, ya mwaka 1957, na ndani yake ni mtu mmoja tu: mchezaji Nargis, mwanamke wa kijijini, amejitwika plau begani. Ng'ombe hayupo. Kila mkulima akiona plau juu ya bega la mtu, anajua mara moja ya kuwa ng'ombe amekwenda, na anataka kujua amekwendaje.

Kuna neno jingine ambalo lazima tuliseme wazi, nalo ni uwongo. Katika Ghana, katika miaka ya 1980 na 1990, walikuwako watu waliosafiri vijijini na televisheni, mashine ya kanda za video, na jenereta, wakionyesha filamu kwa kiingilio. Mabango yao yalichorwa kwa mkono kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, maana karatasi isingalivumilia kukunjwa na kufunguliwa njiani kila siku. Mchoraji mara nyingine alikuwa hajaiona filamu yenyewe. Alichora joka lenye vichwa, mtu mwenye misuli kama mizizi ya mbuyu, damu kama mto. Na watu walioingia hawakuliona joka hata mwisho. Je, walidanganywa? Kwa mizani ya duka, ndiyo: aliyelipia sukari amepewa chumvi. Sisi tunamhurumia aliyetoa senti zake. Hata hivyo tunakiri ya kuwa magunia yale, tukiyatazama leo, yana nguvu kuliko filamu nyingi zilizotangazwa nayo, na wenye kukusanya vitu vya sanaa Ulaya na Marekani huyanunua kwa bei ambayo wachoraji wake hawakuiota.

Ahadi iliyotimizwa vizuri ni ile ya bango la filamu Jaws, ya mwaka 1975. Mchoraji Roger Kastel alipewa kazi ya kuchora jalada la kitabu, akaenda makumbusho ya wanyama huko New York kutazama papa waliohifadhiwa. Alichora bahari tulivu, mwanamke anayeogelea juu, na chini yake kichwa cha papa kikipanda, kinywa wazi, meno yamesimama. Wenye filamu waliipenda hata wakaifanya bango lao. Mwanamke hajui kitu. Papa hajauma. Kati ya meno na mguu kuna nafasi ya maji, na nafasi hiyo ndiyo iliyowapeleka watu sinema. Mchoro wa asili, uliopakwa kwa rangi ya mafuta, ulipotea baada ya kuonyeshwa hapa na pale, wala haukumrudia mwenyewe hata alipofariki mwaka 2023.

Kupotea huko si jambo geni. Bango la filamu ya Fritz Lang iitwayo Metropolis, iliyoanza kuonyeshwa Berlin mwezi wa Januari 1927, lilichorwa na Heinz Schulz-Neudamm: uso wa chuma wa mwanamke wa mashine, na nyuma yake mji unaopanda kama miali. Leo zinajulikana nakala 4 tu. Mwaka 2005 moja iliuzwa kwa dola 690,000 za Marekani.

Huko Marekani, miaka mingi, mabango hayakuwa mali ya mwenye sinema. Aliyakodi, akayarudisha, yakapelekwa mji mwingine mpaka yakachakaa. Kwa kuwa yalisafiri kwa posta, yalikunjwa kiwandani kabla ya kutumwa, desturi iliyoendelea hata mwanzo wa miaka ya 1980. Siku hizi mnunuzi mwenye kujua kazi yake, akiletewa bango la zamani la Marekani lililonyoka, safi, bila alama ya mkunjo, halipi fedha mara moja. Hulipeleka kwanza penye mwanga, akalitazama upande wa nyuma, akitafuta ile mistari ya mikunjo.